Histamini haikazi trakea ya panya, kabakoli inakaza: tatizo ni dawa, maji au mnyama?

Mkufunzi_Raskazone

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa bafu la tishu, kile chombo cha kuning'inizia kipande cha msuli kwenye maji ya chumvi yenye joto na kupima kinavuta kwa nguvu gani. Tunaandaa zoezi la vitendo hapa Tanga kwa wanafunzi wa fiziolojia: wajumbe wa kemikali wanavyokaza na kulegeza misuli laini ya njia za hewa.

Tishu ni pete ya trakea (bomba la hewa) ya panya mweupe wa maabara, upana mm 4. Bafu ni la ml 20, maji ya Krebs (maji ya chumvi na sukari ya kuihifadhi tishu), nyuzi joto 37, mvuto wa mwanzo gramu 1. Imeachwa itulie saa nzima na maji yakibadilishwa kila dakika 15. Potasiamu kloridi 60 mM inakaza vizuri. Kabakoli, dawa inayoiga asetilikolini (mjumbe wa neva), inaanza kukaza kwenye 10⁻⁷ M (M ni mola kwa lita) na inapanda ngazi kwa ngazi. Histamini, kuanzia 10⁻⁷ hadi 10⁻⁴ M, kimya. Mstari umelala tu.

La pili: nifedipini, dawa ya presha, kwa 10⁻⁶ M imefuta kabisa mkazo wa potasiamu, lakini ule wa kabakoli umepungua kidogo tu. Kama kalsiamu ndiyo inayokaza msuli, na nifedipini inafunga mlango wa kalsiamu, kabakoli inapitia wapi?

La tatu ni swali la mwanafunzi, na sikutaka kumjibu kwa kubabaisha: kama histamini inabana kifua, mbona mgonjwa wa pumu hapewi Piriton, dawa ya mzio inayozuia histamini, akamalizana nayo?

Famasia_Ngamiani

Mwalimu, kabla hujamlaumu panya, pima dawa. Histamini dihidrokloridi hunyonya unyevu, na kwa hewa yetu ya pwani kopo likiachwa wazi juu ya meza unapima maji badala ya dawa. Miligramu 18.4 kwenye ml 10 za maji yaliyokenekwa zinakupa 10⁻² M. Tengeneza siku hiyohiyo, weka kwenye barafu.

Kipimo cha haraka: kipande cha utumbo mwembamba wa simbilisi, sm 2, kwenye bafu hilohilo. Kikijikaza kwa histamini 10⁻⁷ M, dawa yako nzima.

Halafu hesabu za kuongeza dozi. Wengi hukosea hapa. Ukitoka 10⁻⁸ kwenda 3×10⁻⁸ unaongeza 2, si 3, kwa sababu ile 1 bado imo bafuni. Kwa bafu la ml 20 na dawa mama (ile nzito unayochota) ya 10⁻⁵ M: mikrolita 20, kisha 40, kisha 140, umefika 10⁻⁷. Halafu unahamia dawa mama ya 10⁻⁴ M na kuendelea na 40 na 140.

Tishu_Hai

Aliyosema Famasia ni sahihi na yafanyike, lakini naweka dau kwa mnyama. Njia za hewa za panya mweupe karibu hazijali histamini. Hata ukimwaga 10⁻³ M utapata kidogo sana au hutapata kitu. Panya huyohuyo mpe serotonini, utaona trakea inavyoshtuka. Simbilisi ni kinyume chake: Dale na Laidlaw walionyesha tangu 1910 kwamba histamini kidogo tu kwenye mshipa humwua simbilisi kwa kubana njia za hewa. Binadamu naye anaijibu histamini. Kwa hiyo kama mada yako ni pumu ya watu, panya atakudanganya mchana kweupe.

Simbilisi si rahisi kupatikana Tanga, na huna haja ya kuua mnyama kwa ajili ya darasa. Tumia trakea ya mbuzi kutoka machinjioni. Inajikaza kwa histamini na kwa kabakoli, na kipande kimoja kinatosha bafu nne. Nenda alfajiri na chupa ya Krebs iliyo kwenye barafu, chukua bomba la hewa mara baada ya kuchinjwa, litumbukize humo humo. Usikubali lililokwisha kuoshwa kwa maji ya bomba. Maji matupu huvimbisha na kupasua seli, na msuli uliopasuka haurudi.

Sasa kukata, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Gegedu za trakea zina umbo la herufi C, na msuli umeziba lile pengo la nyuma, upande unaolalia umio. Nyuzi za msuli zinakwenda kwa upana, kutoka ncha moja ya gegedu hadi nyingine. Ukikata utepe kwa kufuata urefu wa bomba umezikata nyuzi zote vipande vipande, na utepe wako hautavuta hata kwa potasiamu. Kata pete za mm 3 hadi 4, kisha pasua gegedu upande wa mbele, mkabala na msuli, pete ifunguke kama bangili iliyokatwa. Funga pete nne au tano kwa uzi wa kushonea vidonda, gegedu kwa gegedu, ziwe mnyororo. Pete moja ya mbuzi inavuta, ila mnyororo unafupika zaidi na wanafunzi wanaona kwa macho. Mvuto wa mwanzo gramu 1 hadi 2. Usivute utando wa ndani kwa kibano: shika gegedu tu.

Krebs kwa lita moja: chumvi (sodiamu kloridi) g 6.9, potasiamu kloridi g 0.35, magnesiamu salfeti yenye maji saba g 0.29, potasiamu dihidrojeni fosfeti g 0.16, sodiamu baikaboneti g 2.1, glukosi g 2.0, na kalsiamu kloridi yenye maji mawili g 0.37. Kalsiamu iyeyushe pembeni na uitie ya mwisho kabisa, baada ya kupitisha hewa ya oksijeni 95% na kaboni dayoksaidi 5% kwa dakika 10 hivi. Ukiitia kabla, maji yanageuka kama tui: kalsiamu imeganda na kaboneti na fosfeti, na msuli wako unabaki na njaa ya kalsiamu. Tumia maji yaliyokenekwa. Maji ya kisima kwenye ardhi ya mawe ya chokaa kama yetu yana kalsiamu na magnesiamu yake ambayo hukuipima.

Nije kwenye nifedipini, maana ndilo swali zuri zaidi katika yote matatu.

Potasiamu ikizidi nje ya seli, umeme wa ukuta wa seli hushuka na milango ya kalsiamu inayofunguliwa na umeme hufunguka. Kalsiamu inaingia kutoka nje. Hiyo milango ndiyo nifedipini inayoifunga, kwa hiyo mkazo wa potasiamu unakufa.

Kabakoli haigongi mlango huo. Inashika kipokezi cha M3, kimojawapo cha vipokezi vya asetilikolini, kwenye ukuta wa seli. Kipokezi kinaiamsha protini ya Gq, nayo inaamsha kimeng'enya cha fosfolipasi C, ambacho kinakata fati moja ya ukuta na kutoa vipande viwili. Kimoja, IP3, kinaelea hadi kwenye ghala la kalsiamu lililo ndani ya seli na kulifungulia. Hii kalsiamu haikutoka nje, ilikuwa stoo. Kipande cha pili, DAG, kinabaki ukutani na kuamsha kinasi C (kinasi ni kimeng'enya kinachobandika fosfeti). Histamini kwa kipokezi cha H1 na lukotraini, mjumbe mwingine wa mzio, kwa kipokezi chake hufuata njia hiyohiyo. Wajumbe tofauti, milango tofauti, korido moja.

Kalsiamu ikipanda, kutoka kama nanomola 100 za wakati wa utulivu, inashikana na kalmodulini. Wawili hao wanaamsha kinasi ya mnyororo mwepesi wa mayosini, inayobandika fosfeti kwenye mayosini. Mayosini yenye fosfeti inashika aktini na kuvuta. Upande wa pili kuna fosfatasi, kazi yake kuibandua fosfeti hiyo. Nguvu unayoiona kwenye karatasi ni matokeo ya mbandikaji na mbanduaji wakishindana.

Na kuna ujanja mmoja ambao vitabu vya mwaka wa pili huupita haraka. Kabakoli, kwa kupitia protini ya RhoA na kinasi yake, humfunga mikono mbanduaji. Fosfatasi ikizimwa, msuli unaendelea kushika hata kalsiamu ikiwa imeshuka karibu na ilipoanzia. Kwa hiyo hata kama ungefunga milango yote ya umeme, kabakoli imebakiwa na stoo ya ndani, na imebakiwa na breki iliyokatwa. Ndiyo maana nifedipini haikuwahi kuwa dawa ya pumu ingawa ni dawa nzuri ya presha.

Wanafunzi waonyeshe hivi: badilisha Krebs uweke isiyo na kalsiamu, yenye EGTA 0.1 mM (kemikali inayonasa kalsiamu), subiri dakika 3. Potasiamu 60 mM: hakuna kitu. Osha kwa maji yaleyale yasiyo na kalsiamu, tia kabakoli 10⁻⁵ M: mkazo mfupi, unapanda na kuporomoka. Osha, rudia kabakoli bila kurudisha kalsiamu: mara hii karibu hakuna, kwa sababu stoo imekwisha. Rudisha kalsiamu 2.5 mM, mpe dakika 20, mkazo unarudi. Zoezi hilo moja linafundisha kuliko saa mbili za ubao.

Nifedipini ifunge kwa karatasi ya aluminiamu. Mwanga huiharibu, na tishu za kulinganishia zipewe kiasi kilekile cha spiriti au DMSO (kiyeyushi) iliyoyeyushia, isizidi 0.1% ya bafu.

Tabibu_Chumbageni

Naongeza upande wa wodi, na kujibu swali la Piriton.

Seli za masti (seli za kinga) kwenye ukuta wa njia ya hewa zina histamini iliyokwisha kufungashwa kwenye vifuko. Kizio, yaani kitu kinacholeta mzio, kikigusa, vifuko vinamwagika ndani ya dakika chache. Lakini seli hizohizo zinaanza kutengeneza vitu vipya kutoka kwenye asidi ya arakidoni: prostaglandini D2 na lukotraini C4, inayogeuka D4 na E4. Lukotraini D4 ina nguvu ya kubana bronki za binadamu karibu mara 1,000 ya histamini, na mbano wake hukawia kuachia. Wataalamu waliihangaikia miaka mingi wakiiita tu "kitu cha mwendo wa polepole", hadi Bengt Samuelsson alipotambua umbo lake mwaka 1979. Piriton inafunga H1 peke yake. Umemzuia mgeni mmoja mlangoni wakati wengine wameshaingia kwa uani. Montelukasti inazuia kipokezi cha lukotraini, nayo ni ya kumeza kila jioni kwa kinga. Haifai kwa mtu aliyebanwa sasa hivi.

Salbutamoli, dawa ya inhela ya kufungua kifua, haifungi mlango wowote. Inashika kipokezi cha beta-2, inapandisha cAMP (mjumbe wa ndani ya seli) na kinasi A, na kinasi A inavuruga korido nzima: inapunguza IP3, inafungua milango ya potasiamu ili umeme wa seli utulie, inadhoofisha ile kinasi ya mayosini. Ndiyo maana inafanya kazi bila kujali nani alibana. Inhela ya mikrogramu 100 kwa mpulizo, kupitia spesa (chombo cha kukusanyia dawa kabla ya kuvuta), mipulizo 4 hadi 10 kila dakika 20 kwa saa ya kwanza. Spesa huna? Chupa ya plastiki ya ml 500, toboa kitako kwa umbo la mdomo wa inhela, ziba pembeni kwa plasta. Mpulizo mmoja, mgonjwa avute, ndipo mwingine. Ukipuliza mitano kwa mpigo dawa inaganda kwenye kuta za chupa. Na prednisoloni mg 40 hadi 50 kwa mtu mzima itolewe mapema, kwa kuwa huchukua saa kadhaa kuanza. Yenyewe inatuliza uvimbe, msuli hailegezi papo hapo.

Kwa nini mm chache ziwe balaa? Nusu kipenyo kikipungua, ukinzani wa mtiririko hupanda kwa kipeo cha nne. Njia ya mm 4 ikisinyaa hadi mm 2, ukinzani unapanda mara 16. Hesabu hiyo ni ya mtiririko uliotulia, kifua halisi kina makamasi na uvimbe juu yake.

Mfano mkali zaidi wa asetilikolini ambao wanafunzi wa mkoa huu watakutana nao ni sumu za wadudu za organofosfeti, hasa kwa wakulima wa mboga huko Lushoto. Sumu inazima asetilikolinesterasi, kimeng'enya kinachokata asetilikolini. Kwa kawaida asetilikolini ni kama msemo wa mji wetu, waja leo waondoka leo: inakatwa mara tu ikishagonga kipokezi. Kimeng'enya kikizimwa haiondoki tena. Bronki zinabana, makamasi yanafurika, mboni ni tundu la sindano. Atropini mg 1 hadi 3 kwenye mshipa kwa mtu mzima, na kila dakika 5, kama kifua bado kinakoroma, dozi inayofuata iwe maradufu ya iliyopita. Mwisho wa kuongeza ni kifua kikavu, mapigo ya moyo juu ya 80 na presha ya juu (ile namba ya kwanza) zaidi ya 80. Watu huacha mapema kwa kuwa mboni zimepanuka au moyo umeanza kukimbia, na mgonjwa anazama kwenye makamasi yake mwenyewe. Na udhaifu wa misuli ya kupumulia atropini haiugusi kabisa, kwa sababu vipokezi vya pale ni vya aina nyingine. Hapo ni mashine ya kupumulia.

Mkonge_Korogwe

Swali fupi kwa wakuu. Vumbi la mkonge kwenye chumba cha brashi, watu wanakohoa na kubanwa. Nalo linapitia histamini?

Tabibu_Chumbageni

Sehemu kubwa ya kubanwa kwa papo hapo ni refleksi, kaka. Vumbi linachokoza ncha za neva chini ya utando wa njia ya hewa, ujumbe unapanda ubongoni kwa neva ya vagasi na kushuka kwa vagasi hiyohiyo, na mwisho wake ni asetilikolini kwenye M3. Moshi wa kuni na hewa baridi hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana ipratropiamu, dawa ya kuvuta inayozuia vipokezi vya asetilikolini, husaidia baadhi ya watu, ingawa huchukua dakika 15 hadi 30 kabla hujaona tofauti. Ila kumpa mtu inhela na kumrudisha kwenye vumbi lilelile ni kuchota maji kwa pakacha. Feni ya kunyonya vumbi na barakoa ya kuchuja kwanza.

Mkufunzi_Raskazone

Nashukuruni sana. Histamini imepimwa kwa utumbo, ni nzima. Kwa hiyo ni panya. Mnyororo wa mbuzi umejibu histamini kuanzia 10⁻⁶ M, mstari unapanda vizuri.

Mawili yamebaki. Mtungi wa mchanganyiko wa gesi hatuna, tuna oksijeni tupu tu. Na isoprenalini 10⁻⁶ M (dawa inayoamsha vipokezi vya beta, kama salbutamoli) ilifuta mkazo wa histamini kabisa, ila kwa kabakoli 10⁻⁵ M imelegeza kidogo sana. Isoprenalini ni ileile, ya asubuhi ileile.

Tishu_Hai

Gesi kwanza. Krebs ya baikaboneti bila kaboni dayoksaidi hupanda pH kupita 8 ndani ya muda mfupi na kalsiamu inaanza kuganda. Kama ni oksijeni tupu, punguza baikaboneti au iondoe, tia HEPES 10 mM (kemikali ya kutuliza pH), rekebisha pH iwe 7.4 kwa sodiamu haidroksaidi, ukiwa umeyapasha maji nyuzi 37 kwanza. Ukirekebisha yakiwa baridi, pH inahama yakipashwa.

Isoprenalini haina kosa. Kuna sababu mbili, na zote ni somo. Kwanza, kabakoli 10⁻⁵ M iko kileleni, msuli umeshatumia nguvu zake zote na kuna vipokezi vingi vya akiba. Kulegeza kutoka kileleni ni kupandisha jahazi mlima. Kaza histamini na kabakoli kwa kiwango sawa, karibu nusu ya upeo wa kila moja, ndipo ulinganishe.

Pili, hata mikazo ikiwa sawa, kabakoli bado itakuwa ngumu zaidi kulegezwa, kwa sababu inashika pia kipokezi kingine cha asetilikolini, M2. Misuli ya trakea ina M2 nyingi kuliko M3. M2 haikazi sana yenyewe, ila kupitia protini ya Gi inakanyaga kimeng'enya kinachotengeneza cAMP, yaani kilekile isoprenalini inachojaribu kukiinua. Histamini haina mkono huo.

Hiyo M2 ina sura nyingine kwenye ncha za neva: pale inazuia asetilikolini isimwagike kupita kiasi. Kwa wagonjwa wa pumu, protini za esinofili (aina ya seli nyeupe za damu) huilemaza M2 ya neva, na vagasi inamwaga bila breki. Ndiyo sababu kipokezi kimoja kina kazi mbili zinazopingana, kutegemea kimekaa wapi.

Ukitaka kulionyesha darasani, fanya atropini 10⁻⁸ M kwa dakika 30 kabla ya kabakoli. Mstari utahamia kulia karibu mara 10 bila kushuka kilele. Mnyororo mwingine upewe atropini kabla ya histamini, na mstari wake usihame. Ukihama, ujue histamini yako ilikuwa inachokoza ncha za neva zilizobaki kwenye tishu, na sehemu ya mkazo uliouona ilikuwa asetilikolini.

Isoprenalini ikianza kugeuka pinki kwenye chupa imeshaoza, mwaga. Tone la asidi ya askobiki 0.1 mM huichelewesha. Na kati ya mstari mmoja wa histamini na mwingine ipe tishu dakika 45, maana H1 huchoka. Ukirudia baada ya dakika 10 utapata kilele kifupi na kudhani ni athari ya dawa yako.